Kuchagua gari la familia Lubumbashi: pima uimara na thamani kabla ya kutoa dola

Gari letu la kwanza lilikaa juu ya matofali uani kwetu, Kampemba, kwa wiki tano. Halikuwa limegonga kitu. Kifaa kimoja cha ndani ya bwati ya vitesi (giaboksi), kidogo kiasi cha kuingia mfukoni, kilikuwa kimekufa, na mjini kote hakupatikana mwenye kingine. Tulikitafuta Ndola na Kitwe, kule Zambia, mwishowe kikaja kwa ndege kwa bei ambayo hadi leo mke wangu hajaambiwa yote. Jina la gari sitaliandika. Kule linakotengenezwa watu wanalisifu, na pengine wana haki. Ila wao walilisifu likiwa na miaka mitatu, kwenye lami, na karakana ya kampuni ikiwa mtaa wa pili. Mimi nililinunua likiwa na miaka kumi na tatu, nikaliingiza kwenye vumbi jekundu la Katanga.

Tangu siku hizo, ndugu au jirani akitaka kununua gari hunipitia kwanza. Ninachowaambia ndicho ninachoandika hapa: uimara si sifa ya gari peke yake. Ni gari, pamoja na mekano anayelijua, pamoja na duka lenye vipuri vyake, pamoja na mafuta utakayolinywesha. Kikikosekana kimoja, orodha zote za magari bora unazozisoma kwenye simu hazikusaidii.

Hatua ya 1: Hesabu watu, kisha hesabu njia

Chukua karatasi. Andika nani anapanda gari hili siku ya Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nani anapanda Jumapili kwenda kanisani. Usiandike watakaopanda siku ya kilio, maana siku hiyo hata basi halitoshi. Wengi wetu tunanunua jipu la viti saba kwa ajili ya safari mbili za mwaka, halafu siku mia tatu na zaidi tunabeba watoto wawili na mfuko wa unga.

Kisha njia. Mtu anayekaa Golf au Makomeno na kufanya kazi katikati ya mji, na mtu anayekaa ndani ya Katuba, Ruashi au upande wa Kisanga, hawanunui gari moja hata kama wana fedha sawa. Andika vipande vibaya vya njia yako katika mwezi wa Januari, si wa Agosti. Kiangazi kinadanganya: njia ni ngumu, kavu, unaona kila shimo. Mvua ikianza kunyesha kweli, shimo linajaa maji na hujui kina chake.

Gari dogo la mjini huwa na nafasi ya kama sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi. Majipu madogo kama RAV4 au X-Trail yana karibu 19 hadi 20. Sentimita hizo tano zinaonekana kama mchezo, hadi siku kikarta cha oili (bakuli la oili chini ya injini) kinapogonga jiwe. Lakini kama njia yako ina lami hadi mlangoni, sentimita tano unazilipia kwenye mafuta kila wiki bila kuzitumia.

Mwisho, safari ndefu. Kipushi ni kama kilomita 30, Kasumbalesa ni chini kidogo ya 100, Likasi ni kama 120, Kolwezi inapita 300. Anayekwenda Likasi kila mwisho wa juma anahitaji gari lenye nguvu ya kupita malori ya madini na breki zisizochoka. Asiyetoka nje ya mji anaweza kuridhika na injini ya 1.3 na akalala usingizi.

Hatua ya 2: Anza kwa mekano, si kwa simu

Kabla ya kufungua picha yoyote ya gari, nenda kwenye garaji tatu. Usiende kama mnunuzi, nenda kama mgeni mwenye maswali, na ununue soda. Uliza hivi: ni magari gani yamekaa hapa muda mrefu, na yanangoja nini? Bwati gani umeshaifungua kwa mikono yako na ikarudi barabarani? Ukiletewa gari hili na lile, ni lipi unalokataa?

Swali la kwanza ndilo lenye dhahabu. Magari yaliyoota majani kwenye garaji ni takwimu ambayo hakuna gazeti litakalokuletea. Mekano mmoja wa komini ya Kenya, hapahapa mjini, mzee ambaye mikono yake haijawahi kuwa safi tangu nimjue, alinionyesha manne yaliyopangwa ukutani. Matatu kati yake yalikuwa na ugonjwa mmoja: bwati za CVT, zile otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia. Alisema tu, "Papa, hizi naweza kuzishusha. Kuzipandisha ndiyo shida."

Ukitoka hapo, pita kwenye maduka ya vipuri ukiwa na vitu vitano vya kuulizia kwa kila gari unalolifikiria: pedi za breki za mbele, amotisa (vizuia mtikisiko) za mbele, radiata, rotula (viungo vya magurudumu), na alternata. Andika bei ya kipya, bei ya kilichotumika, na siku za kungoja kama hakipo. Vitu vyote vitano vikipatikana mchana mmoja bila kupanda teksi ya pili, gari hilo lina alama kubwa mbele yangu. Viwili vikisemwa "tutaagiza", jua kwamba siku moja utatembea kwa miguu.

Hatua ya 3: Soma namba ya fremu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Magari mawili yenye jina moja na rangi moja yanaweza kuwa na injini mbili zenye tabia tofauti kabisa. Komisioneri, yaani dalali wa magari, atakuambia "ni RAV4, papa, RAV4 haifi". RAV4 ipi?

Magari yaliyotoka soko la Japan hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana namba ya fremu: herufi na tarakimu chache za aina ya gari, kisha kistari, kisha namba yake yenyewe. Utaiona kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota, herufi za mwanzo zinakuambia familia ya injini. N ni injini za NZ, Z ya kina ZNE na ZCA ni ZZ, A ya kina ACA, ANE na ACM ni AZ.

Sasa tuzitafsiri kwa maisha.

NCP61 ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, yenye injini 1NZ-FE ya 1.5. Injini hiyohiyo imo kwenye Probox, Raum, na Corolla nyingi za miaka hiyo. Ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, haina mambo mengi, na sidhani kama kuna mekano kijana mjini asiyeijua. Kwa familia ya watu wanne au watano wanaokaa mjini, sijaona hesabu inayoishinda. Ubaya wake: iko chini, na ukiipakia watu sita na mfuko wa makala (mkaa) wa njia ya Kasenga, amotisa za nyuma zinakulaani.

ZNE10 ni Toyota Wish ya 1.8, viti saba, bwati ya kawaida ya vitesi nne. ANE11 ni Wish ya 2.0 yenye injini ya D-4. Kwa macho ni gari moja, lakini mimi nachukua ZNE10 na kuiacha ANE11. D-4 ni mfumo unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Unafanya kazi vizuri sana pale petroli ilipo safi na mwenye gari analihudumia kwa wakati. Petroli ya chupa ya Kadhafi, muuzaji wa kando ya barabara, inauua polepole: masizi yanajaa kwenye njia ya hewa, injini inatetemeka ikisimama kwenye taa, pampu ya presha inachoka, na pampu hiyo bei yake si ya kucheka. Ukifungua boneti ukaona D-4 imeandikwa kwenye kifuniko, punguza bei au ondoka. Onyo hilohilo ni kwa Noah na Voxy za AZR60, na kwa RAV4 za ACA20 na ACA21 zilizotoka soko la Japan.

ACA31 na ACA36 ni RAV4 ya kizazi kilichoanza mwaka 2005, injini 2AZ-FE ya 2.4. Ni gari zuri, pana, linapanda. Lakini injini hiyo, katika miaka ya mwanzo ya RAV4 hii, ilijulikana kwa kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Huko Marekani Toyota wenyewe waliongeza muda wa dhamana kwa magari kadhaa yaliyokuwa na tatizo hilo. Halikuui ukilijua: unapima oili kila Jumamosi na unabeba lita moja kwenye buti. Linakuua usipolijua, kwa sababu taa ya oili huwaka ukiwa umeshachelewa. Na nyingi za soko la Japan zina bwati ya CVT, kwa hiyo rudi kwa yule mzee wa Kenya.

Ipsum ya ACM21 ina 2AZ-FE hiyohiyo na viti saba. ZCA26 ni RAV4 ya kizazi kilichotangulia yenye injini ya 1.8 isiyo na D-4; haina nguvu ya kujivunia, lakini ni nyepesi kuishi nayo. Nayo angalia unywaji wa oili, hasa zile za mwanzo.

Kwa Nissan X-Trail, mstari uko wazi. NT30, hadi mwaka 2007, ina bwati ya kawaida. Usumbufu wake wa kawaida ni sensa za injini, ambazo hubadilishwa kwa nusu saa. NT31 ya baada ya hapo ni gari zuri zaidi ndani, na bwati yake ni CVT. Nimeona watu wanaoipenda na kuihudumia vizuri kwa oili yake maalumu. Nimeona pia zile tatu za ukutani.

Honda CR-V ya RD5, ya kati ya 2001 na 2006, naiweka juu kuliko sifa inayopewa hapa mjini. Injini yake ya K20A ni ngumu kama mawe. Shida ni kwamba vipuri si vingi kama vya Toyota, na bwati yake inataka oili ya Honda yenyewe, si "yoyote nyekundu". Subaru Forester ni tamu barabarani, ila injini zake za 2.5 za zamani zina historia ya gasketi za kichwa kuvuja, na matairi yake manne lazima yawe ya kipimo kimoja na ulaji mmoja. Kwa nchi ambamo kwado (fundi wa matairi) anakufungia tairi lililopo, hiyo ni kazi.

Prado? Kila mtu anaitaka Prado. Kama fedha ipo, ya petroli ya 2.7 ndiyo isiyokusumbua. Za mazuti (dizeli) zina nguvu, lakini 1KZ-TE ikichemka hata mara moja kichwa kinaweza kupasuka, na 1KD-FTV inachagua sana usafi wa mazuti: injekta zake zikianza kuvuja au kumwaga vibaya, pistoni zinafuata. Kwa familia inayozunguka mjini, Prado ya mazuti ni kama kuajiri askari wa kulinda kuku.

Hatua ya 4: Amua kuhusu volani (usukani)

Sisi wa Kongo tunaendesha kuume kwa barabara. Japan, Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanaendesha kushoto, ndiyo maana magari yanayotufikia kwa kupitia Kasumbalesa mengi yana volani ya kuume. Mjini unazoea ndani ya wiki. Shida iko njia ya Likasi, nyuma ya lori refu: ili uone kama mbele kuna mtu, lazima utoe karibu gari zima kwenye njia ya wenzako. Dereva anamtegemea aliyekaa kushoto amwambie "pita". Kama huyo ni mtoto wa miaka kumi, mnacheza na roho.

Ninachofanya mimi: kwa gari la mjini, volani ya kuume sina neno nayo, ilimradi umeuliza kwanza kanuni za leo za kuliingiza na kulipatia sahani ya namba. Kwa gari la njia ndefu, naongeza dola kutafuta la volani ya kushoto iliyotoka hivyo kiwandani.

Iliyotoka kiwandani, narudia. Magari yaliyohamishwa volani yako mengi, na mengine yamefanywa kwa ustadi, mengine kwa msumeno na fibaglasi. Vijiti vya kupangusa kioo hukaa na kufagia kwa ajili ya dereva wa kuume. Mhamishaji mara nyingi huviacha vilivyo. Tazama dashibodi penye kona kama ina mstari wa gundi. Kanyaga breki: kama unahisi kanyagio linavuta kitu cha mbali, pengine pampu ya breki imebaki upande wa pili na kuunganishwa kwa fimbo. Tazama taa ya mfuko wa hewa. Kwenye kibati cha Toyota nyingi za nje ya Japan, herufi L au R baada ya tarakimu za aina inakuambia gari lilizaliwa na volani upande gani. Kibati kikisema R na volani iko kushoto, mazungumzo yameisha.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya miaka mitatu

Bei ya kununua ni sehemu tu ya bei. Nitapiga mfano, namba ni za kufundishia, weka za kwako.

Gari A linakugharimu dola 8,000 likiwa na sahani. Gari B, jipu zuri lenye jina lisilo la kawaida, ni 6,500. Unatembea kilomita 1,200 kwa mwezi. A linakula lita 9 kwa kilomita mia, B lita 12. Kwa mwezi ni lita 108 dhidi ya 144. Kwa miaka mitatu ni 3,888 dhidi ya 5,184. Tuseme lita ni dola moja na nusu: A limekunywa dola 5,832, B dola 7,776.

Matengenezo: A tuseme 600 kwa mwaka, B 1,000 kwa sababu kila kitu kinaagizwa. Hapo ni 1,800 na 3,000. Kisha unauza. A, ambalo kila mtu analijua, linatoka kwa 5,500. B linamsubiri mtu mmoja mwenye moyo, na anatoa 3,000.

A: umepoteza 2,500 kwenye bei, jumlisha 1,800 na 5,832. Ni 10,132, yaani kama dola 281 kwa mwezi. B: 3,500, jumlisha 3,000 na 7,776. Ni 14,276, kama 397 kwa mwezi. Gari lililokuwa rahisi kwa dola 1,500 limekula zaidi ya 4,000 juu. Na sijahesabu siku zile za kulipia teksi.

Shemeji yangu aliponiona napiga hesabu hii alisema ninaua furaha ya kununua gari. Kweli kabisa. Alinunua B.

Kanuni moja ya fedha ambayo siivunji: dola zote ulizonazo si bei ya gari. Ukiwa na 8,000, tafuta gari la 6,800 na uache 1,200 kwa mwezi wa kwanza.

Hatua ya 6: Siku ya kulitazama

Nenda saa kumi na mbili asubuhi, bora zaidi Juni au Julai, wakati Lubumbashi ina baridi ya kweli. Mwambie muuzaji jana yake asiliwashe. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, mtu amelificha jambo. Rudi kesho au usirudi.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha radiata, likiwa baridi tu. Maji yawe na rangi ya dawa yake, si ya kutu, na yasiwe na utando wa mafuta. Vuta kijiti cha oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili: ukikuta kitu cheupe kama mayonezi chini yake, maji na oili vinakutana mahali ambapo havipaswi kukutana.

Geuza ufunguo bila kuwasha. Taa za injini, oili, ABS na mfuko wa hewa lazima ziwake zote, kisha zizime baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda kuna mtu aliyeitoa balbu. Mekano awe na skana yake. Akisoma na kukuta kompyuta imefutwa asubuhi hiyohiyo, muulize muuzaji alikuwa anasafisha nini.

Washa, na umweke mtu nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya radiata. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Mvuke mweupe mwepesi wa asubuhi unaokwisha dakika chache baadaye ni baridi tu, usimkatie mtu bei kwa hilo.

Kwa bwati otomatiki: injini ikiwa na joto, kanyaga breki, tia R, hesabu. Tia D, hesabu. Ikichukua zaidi ya sekunde moja au mbili kushika, au ikishika kwa kishindo, bwati imechoka. Kama ina kijiti, nusa oili yake: nyekundu ni nzuri, ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni msiba.

Umri na kilomita visikudanganye. Mita inarudishwa nyuma na mtoto mwenye kompyuta. Tazama mpira wa kanyagio la breki, ngozi ya volani, kiti cha dereva. Cheti cha kuuza nje kinachotolewa Japan mara nyingi huandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, omba nakala. Karatasi ya mnada nayo ina alama: 4 na 4.5 ni nzuri, R au RA maana yake limewahi kugonga na kutengenezwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho: kuna lebo yenye mwaka wa kutengenezwa, na kama una mstari wa tope, gari limewahi kuogelea. Kwenye tairi, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni ni juma na mwaka wa kutengenezwa. 2317 ni juma la 23 la mwaka 2017.

Lala chini uangalie tumbo. Magari ya kaskazini ya Japan hutembea kwenye barabara zenye chumvi ya kuyeyusha theluji, na kutu yake haiko juu inapoonekana.

Kisha endesha mwenyewe, na usikubali kuzungushwa kwenye lami ya mjini. Nenda penye mashimo, zima redio, fungua madirisha, pita matuta polepole huku umekata volani. Rotula na amotisa zitaongea.

Hatua ya 7: Karatasi

Namba ya kwenye kibati, namba iliyochongwa kwenye chuma cha fremu, na namba ya kwenye karatasi ziwe moja, herufi kwa herufi. Kwa gari linaloingia, taka tamko la DGDA, idara ya forodha, pamoja na uthibitisho wa malipo, na karatasi ya OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa. Kwa gari la hapa mjini, taka carte rose (kadi ya usajili wa gari), vinyeti (stika ya kodi ya gari) ya mwaka, na kitambulisho cha anayeuza. Kama jina la carte rose si lake, amlete mwenye jina. Andikeni hati ya mauzo na mwende kwa notere (mthibitishaji hati), si kuziandikia juu ya boneti.

Bima ya madhara kwa wengine ni ya lazima kisheria. Tangu sheria ya mwaka 2015 kufungua soko na kampuni binafsi kuanza kupewa leseni mwaka 2019, SONAS, kampuni ya bima ya serikali, si mlango pekee tena, kwa hiyo linganisha bei mbili tatu.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza

Zile dola ulizozificha zinatoka sasa. Badilisha oili ya injini na filta yake, filta ya hewa, maji ya radiata, oili ya breki, na oili ya bwati kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Filta ya hewa, kiangazi, ifungue kila baada ya wiki mbili. Utashangaa ni tofali ngapi za Ruashi zimo ndani.

Nunua daftari la shule. Jaza tangi hadi bomba lijikate, andika kilomita. Likikaribia kuisha, jaza tena hadi lijikate, kwenye kituo kilekile. Gawa lita ulizoongeza kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa mia. Fanya hivyo mara tatu ndipo uamini namba. Kila Jumamosi, likiwa baridi, pima oili na uandike. Likinywa oili chini ya nusu lita kwa kilomita elfu moja, endelea kuongeza na kutembea. Likinywa zaidi ya lita nzima kwa kilomita hizo elfu moja, lipeleke kwa mekano kabla hujalipeleka Likasi.